Faili za Kichwa Chini

Ni mie niliyeanza kuzigeuza faili za marehemu kichwa chini, na ni mie niliyenyamaza nilipoulizwa sababu. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nataka kuilaumu kompyuta. Kuna mama mmoja wa Mji wa Kale aliyezikiwa mwanawe bila ya kumuona, na kwa ajili ya kimya changu akaja siku moja hospitali kumchukua.

Nilikuwa karani wa faili katika hospitali moja ndogo kisiwani Mombasa, miaka ya tisini. Chumba changu kilikuwa nyuma ya dirisha la kuandikishia wagonjwa: rafu za mbao kutoka sakafuni mpaka darini, ngazi iliyokosa kidato kimoja, na feni iliyozunguka ikipenda. Wagonjwa wetu walitoka Mji wa Kale, Tononoka, Tudor, wengine mpaka Kibarani. Mtu akifika dirishani sikumuuliza nambari. Nilimuuliza yeye ni wa nani na wa mtaa gani, na kabla hatujamaliza kujuliana hali, faili yake ishashuka. Watu wa nyumba moja niliwaweka pamoja, bibi na mwana na mjukuu, kwa hivyo nikimjua mmoja nimewajua wote. Sijisifu. Nilifanya kazi ile miaka mingi, na kichwa changu kilikuwa chepesi.

Desturi niliyoikuta ni kwamba mgonjwa akifa, karani huandika neno amefariki juu ya jalada kwa wino mwekundu. Siku moja, katika kutafuta faili ya mtu, nikaweka nyingine juu ya meza ya dirishani. Binti ya marehemu alikuwa amesimama pale pale, amekuja na kikohozi chake. Akaliona jina la mamake na lile neno limekolezwa wino. Alijifunika uso kwa buibui akenda zake, na dawa hakuchukua. Toka siku ile sikuandika tena. Mtu akifariki, naigeuza faili yake, kichwa chini miguu juu, lebo ya jina ikatazama sakafu, na naiacha pale pale kati ya jamaa zake. Aliyejua maana yake ni mie, na nesi mmoja mtu mzima ambaye baadaye alistaafu akarudi kwao. Hatukuandika popote. Nani angetuuliza?

Yule mama nilimjua kwa sababu ya mwanawe. Alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitano, mgonjwa wa sikoseli, ule ugonjwa wa damu unaowatesa watoto kwa maumivu ya mifupa. Kila mwezi, Jumanne moja, aliletwa kliniki. Mamake alimvisha gauni lililopigwa pasi mpaka unaona mikunjo yake, kwani alisema mtoto hapelekwi kwa daktari kama anapelekwa sokoni. Mtoto akipanda juu ya benchi, anatia vidole dirishani na kuniambia, "Shangazi, nipe faili yangu." Namwambia, "Leo sikupi, umekuja umenuna." Hapo hucheka, nami humpa aibebe mwenyewe mpaka chumba cha daktari.

Mara ya mwisho alilazwa wodi ya watoto, chini. Mamake naye alikuwa juu, wodi ya wazazi, amepasuliwa siku ile ile na kupata mtoto wa kiume. Kati yao palikuwa na ngazi moja tu. Asubuhi ya pili bibi yake alitoka kidogo kufuata uji, aliporudi akakuta mtoto ameshafunikwa shuka. Wakaja watu wao, wakamchukua, shangazi zake wakamuosha nyumbani, na baada ya sala ya adhuhuri wanaume wakenda kumzika. Mama hakuambiwa. Walisema ana mshono mbichi, atakufa na yeye.

Mchana ule nilipanda wodi ya wazazi kupeleka faili. Aliniona akaniita. "Umepita chini? Mwanangu hajambo?"

Nikamjibu, "Hajambo."

Aliambiwa siku ya tatu. Nilikuwa nimeshaigeuza faili.

Baada ya arubaini alikuja na yule mdogo kuchanjwa, akasimama dirishani. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Akaniambia, "Mie sikumuona. Nimeambiwa tu. Hata bibi yake hakumuona akikata roho. Sasa moyo wangu hausikii." Nikamwambia maneno yale tunayoambiana, kwamba sisi sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Aliitikia kwa adabu, akachukua kadi ya mtoto, akenda zake.

Basi kompyuta ikaja. Ililetwa ndani ya maboksi matatu na ikapewa chumba chenye kiyoyozi, hospitali nzima hapana chengine. Metroni, mkuu wa manesi wetu, aliamuru tuvue viatu mlangoni, na kila asubuhi alikuwa akiipangusa vumbi yeye mwenyewe. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Manesi waliokuwa na mimba walikataa kupita karibu na mlango ule, waliambiwa mwangaza wake unadhuru kilicho tumboni. Wengine walisema imeletwa kuhesabu nani anachelewa kazini. Daktari mmoja mkongwe alisema yeye alisomea udaktari, hakusomea upigaji taipu, na kila alipoletewa karatasi mpya za kujaza alizitia ndani ya mtoto wa meza, zikalala humo. Siku stima ikipotea, wote walikuja kwangu. "Bi karani, tutolee faili ya fulani." Nilikuwa nikiwatolea polepole kwa makusudi, ili wanione.

Mie nina hasira, na sifichi. Nilipoambiwa kwamba faili zangu zote zitaingizwa mle ndani, kisha chumba changu kifanywe stoo, nilihisi nimetukanwa. Hakuna aliyeniita kuniuliza nimezipanga vipi na kwa nini. Metroni aliniambia tu, "Utampa funguo huyu mwenzako, akamilishe kazi yake."

Huyo mwenzangu alikuwa mwanamke wa pande za Kaloleni, akikaa Tudor, na shingoni ana kimsalaba kidogo cha fedha. Alisomea kompyuta na alikuwa akizipiga zile herufi bila ya kutazama vidole. Mtu mpole. Kila asubuhi alinisalimu yeye kwanza, ingawa salamu yangu ilikuwa kavu kama ukuni. Alianza rafu ya juu akashuka, anachukua faili kumi kumi, anaandika yaliyo juu ya jalada, anarudisha. Na kila aliyoikuta kichwa chini, aliigeuza akaiweka sawa.

Siku ya tatu au ya nne akaja na faili kadhaa kifuani. Akaniuliza kwa kicheko kidogo, "Dada, mbona hizi nyengine zimesimama miguu juu? Kuna maana, ama ni haraka tu?"

Aliuliza vizuri. Wala hakunidharau. Lakini mie nilisikia lile neno haraka, nikaona huyu ananiambia kwamba sijui kazi, mie niliyezijua faili zile kabla yeye hajajua kusoma. Nikamwambia, "Wewe fanya kazi yako."

Kicheko kikamtoka usoni. Akasema, "Haya dada," akarudi kwenye baridi yake.

Jioni, alipokwisha kwenda zake, nilizipitia rafu nikazigeuza tena marehemu wangu mmoja mmoja. Kwa hivyo nilijua. Nilijua kwamba ndani ya ile mashine wote wako hai.

Wiki zikapita. Ukafika wakati kliniki ya Jumanne ikaanza kuendeshwa kwa orodha ya kompyuta. Jumatatu mchana yule mwenzangu aliniletea karatasi yenye majina ya watoto wa kesho, nizitoe faili zao. Nilikaa nikasoma. Majina manne yalikuwa ya watoto waliokwisha kuzikwa, na jina la tatu katika orodha lilikuwa la yule mtoto wa vidole dirishani, jina lake na la babake na la babu yake.

Nilizitoa faili za walio hai. Zile nne niliziacha zilivyo, nikaikunja karatasi nikaipeleka kliniki bila ya kukata hata jina moja. Nilijiambia, acha nesi aite, asiitikiwe. Metroni mwenyewe atakuwapo, atauliza, na hapo ndipo watakapojua karani ni nani. Niliona ni jambo la kuwatia haya kidogo, likaisha. Usiku ule nililala vizuri. Hilo mpaka leo ndilo linaloniuma.

Nisilolijua ni kwamba mashine ilikuwa imeshapeleka barua. Metroni alitaka watoto waliokosa kliniki wakumbushwe, na mwenzangu akazichapisha, akazitia posta. Angekuwa na mazoea nami angeniambia. Lakini toka siku ile hatukuwa na mazungumzo, nilihakikisha hatuna.

Jumanne asubuhi nilikuwa dirishani kama kawaida. Mabenchi ya kliniki yako upande wa pili wa ukumbi, nayaona. Katikati ya kina mama alikaa yule mama. Sikushtuka, nilidhani amekuja kwa ajili ya mdogo. Kisha nikaona hana mtoto. Mapajani alikuwa na kikapu, amekishika kwa mikono miwili.

Nesi wa kliniki alikuwa mgeni, hamjui mtu. Alianza kuita kwa orodha. La kwanza, la pili. Nilikuwa nataka kupiga ukelele asome la nne aruke la tatu, nikainuka kitini. Akaliita.

Yule mama akasimama. "Labeka," alisema.

Nesi akatazama kulia na kushoto. "Mtoto yuko wapi, mama?"

Alitoa barua kutoka kwenye fundo la leso, akaikunjua vizuri na kumpa. "Mumemwita nyinyi," alisema. "Mie nimekuja kumchukua."

Hakusema kama mwendawazimu, na hilo ndilo lililotisha. Alisema kama mtu aliyeandikiwa barua na hospitali, yenye muhuri, na watu wa hospitali ni wasomi, hawaandiki wasilolijua. Kikapuni lilikuwamo lile gauni, limepigwa pasi, na viatu vyake.

Nitayasema kwanza ya kompyuta niyamalize, kwa sababu ndiyo mepesi. Siku ile ile mchana nilimwendea metroni nikamwambia yote, kwamba niliulizwa nikakataa kusema, na kwamba orodha niliiona jana. Hakunifokea. Alikaa akasema, "Mimi nami nilikupokonya funguo kama mwizi," basi. Kisha nilivua viatu, nikaingia kwenye kile chumba cha baridi kwa mara ya kwanza. Mwenzangu alikuwa analia, anajilaumu yeye. Nikamwambia, "Mwenzangu, wewe uliniuliza. Mie ndimi niliyekataa kukujibu." Akanivutia stuli. Siku nyingi tulikaa bega kwa bega, mie nikisoma majina ya faili za kichwa chini, yeye akimwandikia kila mmoja kwamba amefariki. Kila jina lilipoingia alinyamaza kidogo kabla ya jengine. Hilo sikumfundisha. Na chumba changu, mwisho wa mambo, hakikufanywa stoo. Karatasi zilibaki, na kompyuta ikabaki, na mie nikajifunza kupiga zile herufi kwa kidole kimoja.

Sasa lile zito.

Yule mama alipokwisha kumjibu nesi, nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikavuka ukumbi, nikamshika mkono yule mama. Nilimtia ndani ya chumba cha faili, nikafunga dirisha, nikamkalisha kwenye kiti changu. Kikapu hakukiachia. Akanitazama akaniuliza, "Yu hai?"

Nikamwambia, "Hayuko, mamangu. Amefariki. Barua imeandikwa kwa makosa, na makosa ni yangu, si ya mtu mwengine." Nikamueleza habari ya faili, na kwa nini nilizigeuza, na nilivyoulizwa nikafanya kiburi. Nikamwambia na lile la wodi, kwamba siku ile aliponiuliza nikamwambia hajambo, mtoto alikuwa ameshatolewa kwenda kuoshwa.

Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepumua. Akasema tu, "Nilikujua. Ulinijibu huku unatazama chini." Halafu akasema, "Nionyeshe."

Faili yake ilikuwa rafu ya pili kutoka chini. Nikaichomoa, nikaigeuza, nikafungua ukurasa wa mwisho. Sheria hairuhusu, najua. Yule nesi mtu mzima aliyestaafu ndiye aliyekuwa na zamu asubuhi ile, na alikuwa na tabia ya kuandika mengi, hata yasiyotakiwa katika faili ya mgonjwa. Metroni akimgombeza kwa hilo kila mara. Yalikuwa kwa Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili, kidole changu kikifuata mstari.

Saa moja na nusu, homa imepanda, daktari amearifiwa. Saa mbili, amekunywa maji vijiko viwili. Anamtaka mamake. Nimemwambia mamake yuko juu ya ngazi. Saa mbili na robo, nimempakata, amenyamaza. Ameuliza faili yake nani kaichukua. Saa tatu kasorobo, pumzi zimekatika. Nilikuwa ningali nimempakata.

"Soma tena," alisema.

Nilisoma tena. Nilipofika kwenye maji alisema, "Vijiko viwili," na nilipofika pale pa kupakatwa alifumba macho. Mara ya tatu hakuniomba, nilisoma mwenyewe. Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa sauti kama aliyefiwa asubuhi ile, na mie nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kile kiti nalia naye. Walio nje walisikia na hawakugonga mlango.

Alipotulia alifuta uso kwa leso, akaichukua faili mikononi mwangu. Akaipitisha kiganja juu ya jalada, pale kwenye jina.

"Kumuosha sikumuosha," alisema. "Kumfunika sikumfunika. Na kaburini sisi wanawake hatwendi. Basi hapa wacha nimuweke mie."

Akaenda mwenyewe kwenye rafu, akapiga magoti, nami nikamuonyesha nafasi, baina ya faili ya bibi yake na ya huyu mdogo aliyezaliwa. Ile barua aliikunja akaitia ndani. Akaigeuza faili kichwa chini taratibu, mkono mmoja chini yake, na akaisukuma mpaka ikawa sawa na wenzake. Vumbi la rafu alilipangusa kwa ncha ya leso, kutoka huku mpaka huku.

Kisha akaniuliza kama siku nyengine akija nitamfungulia mlango. Nikamwambia nitamfungulia.